Riviu: Serikali ikikuja kupanga mtaa pamoja na nyinyi, hapa Kisumu (nyota 3 kwa 5)

Nyota tatu. Jirani yangu mwenye ploti anasema nimekuwa mchoyo, yeye angepatia tano hata saa hii, na kuna msichana anakodi nyumba ya nyuma kwa hiyo hiyo ploti anasema mbili ni nyingi. Wote walikaa mkutano mmoja wakakunywa chai ya birika moja na mradi ni ule ule. So kabla mtu aniambie nina chuki na serikali, au aniambie nimenunuliwa, asome kwanza.

Huduma yenyewe iko hivi. Serikali inachagua mtaa wenye umaskini mwingi, inatuma watu wanakaa chini na wenyeji, mnachora ramani, mnataja shida zenu, mnazipanga ipi ya kwanza ipi ya mwisho, halafu pesa inafuata ile plani. Si mtu anaamka Nairobi anaamua nyinyi mnahitaji soko. Angalau ndivyo inavyouzwa. Pande zetu imekuja kwa majina mengi. Kubwa zaidi kwa mitaa ya mabanda ni KISIP, mradi wa kitaifa wa kuiboresha hiyo mitaa, ilianza 2011 na pesa ya Benki ya Dunia, Sweden na Ufaransa, ikaingia miji 15, Kisumu ndani, Nakuru ndani, Kakamega, Kericho, Eldoret, halafu awamu ya pili ikapitishwa 2020, Benki ya Dunia peke yake ikiweka dola milioni 150. Kule mashambani kulikuwa na NARIGP kuanzia 2016, kaunti 21, Vihiga, Bungoma, Homa Bay, Migori, Kisii, hiyo ilikuwa ya vikundi vya wakulima. Juu ya hizo kuna plani ya kaunti ya miaka mitano, CIDP, sahi tuko kwa ile ya 2023 mpaka 2027, na kuna kamati za wadi za mambo ya tabianchi chini ya FLLoCA, ule mpango wa kupeleka pesa za tabianchi mashinani. Ukiangalia sana ni huduma moja inabadilisha tisheti. Karatasi kubwa inabandikwa ukutani, kalamu za wino mzito zinagawanywa, vijana kule, kina mama pale, wazee hapa, afisa anasema hakuna jibu la makosa, tunaanza na maombi.

Na wasikudanganye ati ni kitu ya juzi. Nakuru walianza kupanga mji na wenyeji 1995, UN-Habitat ilipowachukua kwa ule mpango wake wa Agenda 21 ya mashinani, wakati mimi nilikuwa bado navaa kaptula ya shule.

Kwa mtaa wetu nimepitia moja ya hii miradi mwanzo mpaka mwisho. Siutaji, wala ofisi, wala kontrakta, maana nia yangu si kuumbua mtu, na pia nikiongea na washikaji wa mitaa mingine, hata wa Rhonda kule Nakuru, stori zinafanana hadi unashangaa. Mimi ni mpangaji, niko na kinyozi kando ya njia, so riviu ni ya mpangaji mwenye biashara ndogo. Landilodi waandike yao.

Sasa kuna kitu lazima uelewe kuhusu Kisumu ndio haya mengine yaingie. Watu wakisikia slum wanafikiria Kibera, ardhi ya serikali, watu wamejenga wakiogopa kufukuzwa. Huku kwetu sivyo. Nyalenda, Manyatta, huo mkanda umezunguka tao, yaani katikati ya mji, sehemu kubwa ni mashamba ya watu. Mji ulipanuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 ukameza vijiji vizima, wenye mashamba wakabaki na mashamba yao, wengine na taitoli mkononi, halafu watu wakaongezeka tao, na kila mwenye shamba akajenga nyumba za kukodisha, udongo, mabati, laini moja, laini mbili, mpaka ukuta wa huyu ukagusa wa yule. Unapata kaburi la babu wa landilodi liko hapo kando ya kamba ya nguo za wapangaji na hakuna mtu anashtuka. Kitu moja tu ilisahaulika, barabara. Kila mtu alijenga kwake na hakuna aliyeacha njia, maana kijijini njia ni kupita tu kwa boma la mtu ukisalimia.

Kwa hivyo huku kupanga na wenyeji si mapambo, ni kwamba bila wao hakuna kazi. Injinia akitaka barabara ya gari la zima moto kupita, lazima mzee wa upande huu arudishe ua wake nyuma na mzee wa upande ule arudishe wake, na hakuna tingatinga inaweza kumlazimisha mtu na taitoli yake bila kesi ya miaka. Kuketi pamoja ndio njia ya haraka. Nimeona wazee wawili hawajasalimiana tangu enzi za Moi wakikubali kila mmoja kutoa hatua kadhaa, mbele ya mzee wa mtaa na chifu msaidizi, na mimi kwa hilo pekee ningelipa kiingilio.

Hapo kwa kuchora ramani natoa nyota zote. Siku ya kutembea mtaani tulikuwa kundi kubwa, injinia mbele na mchoro wake ametoka nao ofisini, mtaro wa maji ya mvua umepitishwa upande wa juu, safi kabisa kwa karatasi. Mama mmoja muuza omena akamwangalia akamuuliza, nyathina (mwanangu), wewe umewahi kulala huku mwezi wa nne? Akamwambia maji hayatoki huko unachora, yanatoka hapa nyuma, yanaingia kwa ile ploti ya mabati ya kijani, yanatokea huku kwangu, na akamwonyesha alama ya tope kwa ukuta, juu ya goti. Yule kijana, nampa heshima yake, hakubisha. Alitoa kalamu akapiga mstari mwingine hapo hapo. Udongo wetu huku chini ni ule mweusi wa pamba, mvua ikinyesha haumezi, ikikauka unapasuka, na ziwa liko karibu kwa hivyo ukichimba kidogo tu unakutana na maji. Hizo vitu mtu anajua akiishi hapo. Setilaiti inaona paa.

Pia walihesabu watu vizuri. Mlango kwa mlango, nani anaishi, nani anamiliki, nani ana biashara, choo ziko ngapi watu wangapi wanazitumia. Vijana wa mtaa ndio walifanya hiyo kazi wakalipwa, sikusikia malalamiko ya malipo, ambayo kwa Kenya hii ni habari ya gazeti.

Kuhusu chakula cha mikutano, kwa wale mmeniuliza kwa grupu: chai na mandazi, siku ingine soda na mkate, na nauli kidogo ya kurudi ukisaini. Hiyo nauli imeharibu watu. Kuna wengine wanakuja tu saa ya kusaini, na mkutano ukiwa wa bure viti vinabaki vitupu.

Sasa tuingie kwa zile nyota zilipotea.

Ile siku ya kupanga shida kwa mstari, kundi la kina mama wapangaji waliandika choo namba moja. Namba mbili maji, namba tatu taa. Barabara waliiweka huko chini. Kundi la wenye ploti waliandika barabara, mtaro, taa. Vijana wakaandika kazi, kama kawaida. Mwishowe orodha ya mtaa ikatoka barabara, mtaro, taa, na choo ikaandikwa kwa ile sehemu ya mengineyo. Mimi nilidhani ni wizi wa kura, kumbe sababu yenyewe ni ngumu kuliko wizi. Pesa ya umma inajenga mahali pa umma. Barabara ni ya umma, mtaro uko kando ya barabara, mulika mwizi, ile taa ya mlingoti mrefu, inasimama kwa nafasi ya wazi. Choo iko ndani ya ploti ya mtu, na ploti ni yake, kwa hivyo mradi hauwezi kumjengea mtu binafsi choo na pesa ya mkopo ambayo Wakenya wote watalipa. Ukifikiria ina mantiki. Lakini angalia matokeo sasa. Kwa mtaa ambao karibu kila kitu kiko ndani ya ploti ya mtu, shida kubwa ya mpangaji ndio ile huduma haiwezi kugusa, na ile inaweza kugusa ndiyo inamwongezea landilodi thamani. Hakuna mtu mbaya kwa hii stori, na bado matokeo ni hayo.

Jibu la kawaida ni kwamba afisa wa afya ya umma anaweza kumpa landilodi notisi ajenge choo. Kweli anaweza, sheria iko. Mpangaji akienda kumripoti landilodi wake, notisi inakuja, na baada ya notisi ya landilodi inafuata notisi ya mpangaji ya kuhama. Hiyo si nadharia.

Halafu kuna saa ya mikutano. Jumanne saa nne asubuhi. Nani yuko mtaani Jumanne saa nne asubuhi? Mzee mwenye ploti anayesubiri kodi. Mtu wa mjengo yuko mjengo, mtu wa boda yuko Kondele, dada wa kufua yuko Milimani anafua. Yule msichana wa nyumba ya nyuma alihudhuria mkutano mmoja kwa kupoteza kibarua cha siku nzima, na kamati ya mtaa ilipochaguliwa, hakukuwa na mpangaji amebaki ukumbini wa kusimama. Karatasi zinasema kamati iwe na wapangaji, vijana, wanawake, walemavu, na ukiangalia majina utaona wanawake wapo, vijana wapo, ila karibu wote ni wake na watoto wa wenye ploti. Boksi zimetikiwa zote.

Ujenzi nitaupita haraka maana kila mtu anajua ujenzi wa serikali. Ulianza kwa kasi, ukalala, kontrakta akapotea na mawe yakabaki njiani watu wakijikwaa usiku, akarudi, akamaliza. Barabara iliyotoka ni nzuri, siwezi kudanganya. Mwaka wa kwanza wa mvua niliingia kinyozi na viatu safi na nilisimama hapo mlangoni nikiviangalia. Tuktuk inafika mpaka mlango wa mgonjwa. Vijana wa mtaa walipata vibarua, mshahara haukuwa mbaya ukilinganisha na Kazi Mtaani, vile vibarua vya serikali vya vijana wakati wa korona, ambayo awamu ya pili 2020 ilikuwa shilingi 455 kwa siku.

Lakini kuna hii mambo ya katofu, tarehe ya mwisho ya kuhesabiwa, na nataka uisome polepole kama uko na kibanda. Barabara ikipanuliwa, vibanda vinahama. Kwa miradi ya Benki ya Dunia, hata kama huna taitoli, hata kama umekaa tu hapo kwa hisani ya barabara, unatakiwa kulipwa kwa kibanda chako na kwa biashara utakayopoteza ukihama. Wengi hawajui hiyo na wanakimbia usiku na mabati yao wakifikiria ni askari wa kaunti. Usikimbie. Ila lazima uwe umehesabiwa kabla ya tarehe ya mwisho wanayotangaza, hiyo ndiyo katofu, na baada ya hapo ukija na stori hata ya kweli jina haliingii, wanaogopa watu wa kujenga kibanda jana ili walipwe leo. Mimi nilihesabiwa, nikapigwa picha nimesimama mbele ya kinyozi kama mshukiwa, nikalipwa, nikasogea nyuma. Mama wa chapati tuliyepakana naye alikuwa ameenda matanga Ugenya wiki hiyo. Tangazo lilibandikwa kwa ofisi ya chifu na kwa mti. Alirudi akakuta namba ya rangi nyekundu kwa kibanda changu, kwa chake hakuna. Alipeleka malalamiko kwa kamati ya malalamiko, walimsikiza vizuri, wakaandika, wakamwita tena, wakaandika tena. Mpaka naandika hii bado wanaandika. Kwa hivyo kamati ya malalamiko: heshima ya kutosha, meno hakuna.

Taa. Mulika mwizi ilibadilisha usiku wetu kuliko barabara. Kina mama walianza kuuza samaki wa kukaanga mpaka saa nne usiku, mimi nikasukuma saa za kufunga, watoto wakawa wanasomea chini yake, ngeta, wale wa kukaba watu shingo na kuwaibia, zikapungua. Halafu ikazima. Tukadhani ni balbu. Kumbe kulikuwa na mvutano wa nani analipa bili ya stima, kila ofisi ikionyesha ingine, na hii ni shida ya plani yenyewe maana ile karatasi yetu nzuri ilikuwa na mstari wa kusimamisha mlingoti na haikuwa na mstari wa kuulisha. Hivyo hivyo mtaro, nani anazoa taka ikiziba? Vijana walizoa mara kadhaa kwa kujitolea, njaa ikawarudisha kwa shughuli zao. Ukiwa kwa mkutano wa kupanga uliza hilo swali mapema, utaonekana unaleta upinzani lakini uliza: kikishajengwa, bili ni ya nani, na iko kwa bajeti gani?

Na kodi. Nyumba yangu ilikuwa elfu moja na mia tano kabla ya barabara. Sasa ni elfu mbili na nusu, nyumba ni ile ile, choo ni ile ile, tofauti ni kwamba natembea kwa kabro, zile tofali za barabara, kwenda kulipa kodi. Landilodi wangu si mtu mbaya, aliniambia waziwazi, mzee, eneo limepanda. Alitoa ardhi yake kwa barabara bure, anaona hiyo ndiyo faida yake, na mimi nikikaa kwa nafasi yake ningefanya vile vile labda. Lakini majirani watatu wa laini yetu wamesogea kule ndani zaidi ambako barabara haijafika, kule kwenye tope, kule mradi unaofuata utaenda kuwakuta na kuwaita tena mkutano wapange mtaa.

Kwa sababu Kogelo iko hapo tu Siaya, wacha nilete Obama kidogo. Utawala wake kule Marekani 2010 ulianzisha Choice Neighborhoods, mpango wa kufufua mitaa maskini, ikachukua nafasi ya HOPE VI, mpango wa nyumba za umma wa miaka ya tisini. Ile kitu nimeipenda ni kwamba kuna pesa ya kupanga peke yake, mtaa unapewa hiyo kwanza, unaketi, unachora, halafu ndio unaenda kushindania pesa kubwa ya ujenzi, na plani lazima iguse nyumba, watu wanaoishi humo na mtaa wenyewe kwa pamoja, si lami tu. Ukibomoa nyumba ya mtu wa kipato cha chini unarudisha nyingine kama hiyo, na mpangaji aliyehamishwa kupisha ujenzi ana haki ya kurudi. Imeandikwa. Halafu 2014 wakaleta Promise Zones, maeneo maskini yaliyochaguliwa, tano za kwanza zilikuwa San Antonio, Philadelphia, Los Angeles, kusini mashariki mwa Kentucky na taifa la Choctaw, Wamarekani asilia, kule Oklahoma. Hiyo haikuja na bahasha yoyote, ilikuwa ni cheo cha miaka 10 kinachokupa pointi za ziada ukiomba pesa ya miradi mingine ya serikali, pamoja na watu wa kujitolea wa AmeriCorps, mpango wa serikali yao wa kujitolea, kukusaidia kuandika na kupanga. Sisi huku cheo bila pesa tungekichoma moto siku ya kwanza, lakini wazo la kumpa mtu wa kukusaidia kuandika maombi si baya, nusu ya vikundi vya mtaani vinakosa pesa kwa sababu ya fomu.

Najua kuna mtu atasema huko landilodi ni serikali yenyewe kwa hivyo ni rahisi kuandika haki ya mpangaji. Kweli. Hapa huwezi kumwambia mzee na shamba la babake ati asiguse kodi milele. Lakini wakati ule ule anapotia sahihi ya kurudisha ua nyuma, wakati anataka barabara mpaka anaota, ndio wakati wa kumwekea karatasi ya pili mbele: barabara na mtaro na laini ya maji taka inapita kwako, wewe unajenga choo inayoeleweka na kodi unaiacha ilivyo kwa miaka kadhaa. Kila mtu anatoa kitu. Wazee walitoa ardhi kwa kikao kimoja, hiyo ya kodi mbona isiongelewe? Haikuongelewa kwa sababu hakuna mtu aliyeileta, na wa kuileta alikuwa kwa mjengo.

Kwa wale wanasema huduma ya kupanga pamoja haiwezi kumfikia mpangaji, nendeni mwone maji ya Nyalenda. KIWASCO, kampuni ya maji ya Kisumu, waliacha kuhangaika na kila mpira uliotobolewa gizani, zile laini za spageti, wakaanza kuuzia vikundi vya wenyeji maji kwa jumla kwa bei ya chini, kikundi kinapewa laini yake, kinaunganishia watu, kinasoma mita, kinakusanya pesa, kinalinda bomba maana likipasuka hasara ni yao. Hiyo ni miaka ya 2000 na watu wametoka nchi zingine kuja kuiangalia. Siyo kamilifu, kuna siku mfereji ni upepo tu, lakini angalia muundo: bili ina mwenyewe tangu siku ya kwanza, na mpangaji ananufaika kwa kununua mtungi bila kuomba ruhusa ya landilodi. Hiyo mimi ningepatia nne na nusu.

So kama mradi kama huu unakuja kwenu, iwe Manyatta, iwe Kaptembwo Nakuru, iwe kule Busia, nenda. Kususia ni kumwachia mwenye ploti meza nzima. Dai mkutano Jumapili alasiri au jioni, mzee wa mtaa anaweza kuomba hiyo na mara nyingi anakubaliwa, hakuna aliyemwambia tu. Wapangaji wa laini moja wachange vibarua, mmoja aende kwa niaba ya wote siku ya kuchagua kamati. Kama una kibanda, wiki ya kuhesabu usitoke mtaani, na kama ni lazima utoke acha mtu na kopi ya kitambulisho chako.

Na usisubiri mradi mkubwa pekee. Kaunti kila mwaka inatakiwa kupeleka plani ya mwaka kwa bunge lake kufikia tarehe 1 Septemba, na bajeti kufikia 30 Aprili, na kabla ya hapo kuna vikao vya wananchi kwa wadi, vile vinatangazwa gazetini mahali hakuna mtu anasoma. Hapo ndio pa kuomba bili ya mulika mwizi iingie, maana mradi ukiisha wafadhili wameenda na kitabu kinachobaki ni cha bajeti ya kaunti tu. Ukienda Septemba kuulizia kitu ya Aprili utaambiwa mwaka ujao.

Ukitaka kujua kontrakta alipewa pesa ngapi na alipaswa kujenga nini, hiyo si siri, kuna sheria ya kupata habari ya 2016, unaandika barua kwa ofisi husika na wana siku 21 kukujibu, wakinyamaza unaenda kwa Ombudsman, tume inayosikiliza malalamiko dhidi ya ofisi za serikali, wana ofisi hapa Kisumu. Barua ni bure, kwa Kiswahili ni sawa. Peleka kopi mbili, moja igongwe muhuri na ubaki nayo.